Alexander Mackenzie: mwashi wa mawe aliyefika uwaziri mkuu wa Kanada

#1 – Msomaji wa Usiku

Wakuu, heshima kwenu.

Viongozi waliotoka jeshini na kwenye uwakili tumeshawajadili sana humu. Huyu alitoka juu ya jukwaa la ujenzi. Alexander Mackenzie, Waziri Mkuu wa pili wa Kanada (1873 hadi 1878), alikuwa mwashi wa mawe aliyepita uanagenzi, akala jasho la tindo yake, kisha akawa mkandarasi, mhariri wa gazeti na mwisho mwanasiasa. Habari zake nyingi zinaumaliza uashi kwa sentensi moja na kukimbilia bungeni. Hoja yangu ni kwamba ukikielewa kibarua chake cha mawe na mikataba, utayaelewa na maamuzi yake serikalini, yale mazuri na yale yaliyomwangusha.

Alizaliwa 28 Januari 1822 Logierait, Perthshire, Uskoti. Baba yake alikuwa seremala aliyehamahama kufuata kazi, akafariki 1836, na shule ya kijana ikaishia hapo. Akiwa na miaka 16 akaingia uanagenzi wa uashi, na kufikia 20 alikuwa fundi kamili anayelipwa kwa jina lake. Akaenda Irvine, kusini-magharibi mwa Uskoti, kutafuta kazi. Huko akawajua akina Neil, familia iliyokuwa inajiandaa kuhamia Kanada. Mwaka 1842 akavuka nao bahari hadi Kingston, kwenye Ziwa Ontario, na 1845 akamwoa binti yao, Helen.

Kingston ndiko mambo yalikoanza kwenda mrama. Mawe ya huko yalizishinda zana alizokuja nazo, na pesa ya kununua nyingine hakuwa nayo. Ikabidi mtu mwenye ufundi wake mkononi akafanye kibarua kwenye jengo la Mtaa wa Princess. Mwisho wa kiangazi mkandarasi akadai hana fedha, akampa hati ya ahadi ya malipo. Hati ile haikuja kulipwa.

Mafundi mliomo humu, hebu tueleweshane kwanza hapo kwenye zana. Mwashi aliyefuzu anashindwaje na jiwe?

#2 – Fundi Tindo

Anashindwa vizuri tu, mkuu.

Mawe mengi ya ujenzi huko Irvine alikotoka ni ya mchanga. Chembe zake zenyewe ni ngumu kuliko chokaa, ila gundi inayozishika ni dhaifu. Tindo ikigonga, chembe zinabanduka. Unachopoteza ni makali, kwa sababu mchanga unasaga mdomo wa tindo pole pole. Jiwe la Kingston ni jiwe chokaa la zamani sana, la kijivu, limeshikana kama kitu kimoja. Hakuna chembe ya kubanduka. Nguvu yote ya nyundo inarudi kwenye mdomo wa tindo, na mdomo ukiwa laini unajikunja au unabonyea. Unapiga mara ishirini jiwe linakuangalia tu, ukiitazama tindo imeota masharubu.

Tindo za enzi zile kwa kawaida zilikuwa na mwili wa chuma cha kufuliwa na pande la feleji (chuma cha pua, kigumu zaidi) mdomoni. Ukali na uimara vinatokana na jinsi ulivyoipa maji. Utaratibu ni huu: unaipasha mdomo mpaka iwe nyekundu ya kuiva, unachovya inchi moja hivi ya ncha kwenye maji, unaitoa upesi, unasugua ncha kwa kipande cha jiwe mpaka chuma king'ae. Joto lililobaki mwilini linashuka kuelekea ncha, na rangi zinatembea nalo: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, mwisho bluu. Manjano ni kama nyuzi 220 hadi 230 za Selsiasi, bluu ni karibu 300. Rangi unayoitaka ikifika kwenye ncha, unaitumbukiza yote.

Ukiwahi sana, wakati bado ni manjano mpauko, tindo inakuwa ngumu lakini inapasuka kama kioo ukigonga jiwe gumu. Ukichelewa ikaingia bluu, inakuwa laini na kujikunja. Tindo iliyopewa maji kwa ajili ya jiwe la mchanga si lazima ifae kwa jiwe la Kingston, na kila ukiirudisha motoni unaipunguza urefu. Lile pande la feleji lina mwisho wake, na likiisha unabaki na nondo.

#3 – Bi Mizani

Kwa hiyo angeweza kumpelekea mhunzi azifue upya?

#4 – Fundi Tindo

Angeweza, kama ana hela ya mhunzi na kama feleji bado ipo. Seti ya mwashi si tindo moja. Kuna ya ncha ya kuvunjia ziada, ya mdomo mpana ya kusawazishia, ya kupasulia kingo, za ukubwa tofauti, na kila moja ziwe kadhaa kwa sababu zinakufa makali mchana kutwa. Mgeni aliyeshuka juzi melini, bila mdhamini wala duka la kumkopesha, hilo ni deni asiloliweza.

#5 – Msomaji wa Usiku

Asante fundi. Nikuongezee kwa nini Kingston ilikuwa na kazi nyingi hivyo. Mwaka 1841 ilifanywa makao makuu ya Jimbo la Kanada lililoungana, watu wakaanza kujenga kwa fujo. Mwaka 1844 makao makuu yakahamishiwa Montreal. Mackenzie alifika katikati ya kishindo hicho, na wakandarasi wengi walikuwa wanajenga kwa matumaini, mtaji haupo.

Kilichomwokoa ni jeshi. Alipata kazi ya kujenga tao lisilopenywa na mabomu kwenye Ngome ya Henry, na baadaye akawa msimamizi kwenye ujenzi wa minara ya Martello (minara ya mviringo ya ulinzi, yenye kuta nene) ya Kingston. Serikali ya Uingereza ilikuwa mteja asiyekimbia na pesa ya fundi.

#6 – Chokaa Mbichi

Niruhusuni niingie kwenye hilo tao, maana watu wanasoma "tao lisilopenywa na mabomu" wanadhani ni tao la kawaida lililonenepeshwa.

Chumba cha ngome hufunikwa kwa kuba nene la mawe, juu yake kikawekwa kifusi na udongo wa kutosha. Bomu la mzinga likianguka, udongo unakula kishindo, kuba linabeba kinachobaki na kukipeleka kwenye kuta. Kwa hiyo kuba linabeba uzito mkubwa miaka yote hata kama vita haiji, na kuta za pembeni zinasukumwa nje wakati wote. Ukikosea unene wa kuta, kuba linafunguka kwa chini kabla ya adui kutokea.

Kazi inaanza kwa seremala. Anatengeneza kalibu ya mbao yenye umbo la tao, inakaa juu ya nguzo, na katikati ya nguzo na kalibu zinawekwa kabari mbili mbili zinazoelekeana. Mwashi anachonga kila jiwe kwa kigezo, kwa sababu pande zake mbili lazima zielekee kwenye kitovu cha duara. Halafu anajenga kutoka pande zote mbili kwa pamoja, jiwe kushoto, jiwe kulia. Ukipandisha upande mmoja tu, uzito unaisukuma kalibu, nayo ikihama hata inchi mbili, umbo limeharibika na jiwe la kufungia la juu halitakaa.

Jiwe la kufungia likishaingia, hakuna kuondoa kalibu siku hiyo. Chokaa haigandi kama saruji ya leo. Unasubiri, kisha unalegeza kabari kidogo kidogo, mstari mzima kwa pamoja, tao likae lenyewe taratibu. Likishuka kidogo sawasawa ni kawaida. Likishuka upande mmoja, au nyufa zikifunguka kwenye maungio karibu na miguu ya tao, kaza kabari uangalie kuta.

Halafu kuna baridi. Chokaa mbichi ikigandishwa na barafu kabla haijashika, maji yaliyomo ndani yanavimba na kuivunja, ikiyeyuka unabaki na unga. Ndiyo maana huko uashi unasimama majira ya baridi, na kuta ambazo hazijaisha hufunikwa nyasi juu. Sasa rudini kwenye ile hati ya ahadi: mshahara wa kiangazi ndio wa kula mpaka barafu iyeyuke. Aliyempa karatasi isiyo na thamani alimnyima posho ya miezi yote ambayo jiwe halijengeki.

#7 – Wakili wa Kijiweni

Kisheria alikuwa hana pa kushika. Hati ya ahadi ni dai dhidi ya mtu, na mtu akifilisika unapanga foleni na wadai wengine. Jengo ulilolijenga halikujui. Sheria ya kumpa fundi haki juu ya jengo lenyewe mpaka alipwe ilikuja Ontario 1873, zaidi ya miaka thelathini baada ya yeye kuruka patupu. Wakati huo huyu fundi alikuwa anakaribia kiti cha uwaziri mkuu.

#8 – Mpima Ardhi

Mbona mmeruka mguu? Mackenzie alipokuwa kwenye ujenzi wa Mfereji wa Beauharnois, wa kupitisha meli, jiwe la tani moja lilimwangukia mguuni. Alipona, lakini mguu ule haukurudia nguvu zake.

Kwa wasioweza kupata picha: jiwe chokaa zito lina kama tani 2.65 kwa mita moja ya ujazo. Tani moja basi ni kipande cha mita 1.2 kwa 0.8 kwa 0.4. Kwa kuta za milango ya mfereji hilo ni jiwe la kawaida kabisa, maana maji yanapanda na kushuka kila chombo kinapopita na mawe madogo yanang'olewa.

#9 – Fundi Tindo

Na mawe hayo yanainuliwaje? Njia iliyozoeleka ni kutoboa tundu juu ya jiwe, jembamba mdomoni na pana chini, halafu unaingiza vipande vitatu vya chuma. Viwili vya pembeni vina umbo la mkia wa njiwa, cha katikati kinanyooka na kuvisukuma viwili kubana ukuta wa tundu. Pingu inapita kwenye vichwa vyote vitatu, winchi inavuta. Uzito wa jiwe wenyewe ndio unaokaza.

Inaposhindikana ni hapa: tundu limechongwa na mdomo mpana kuliko chini, au halikusafishwa vumbi, au limetobolewa kwenye tabaka lenye ufa, au halipo juu ya kitovu cha uzito kwa hiyo jiwe linaning'inia upande na kuzunguka. Tena hatari kubwa ipo jiwe linapokaribia kukaa, wakati mafundi wameliwekea mikono kulielekeza na winchi inashusha.

#10 – Chokaa Mbichi

Mifereji ina jambo lingine. Chokaa ya kawaida inashika kwa kupata hewa, ukiizamisha majini inabaki uji. Kwenye mifereji inatakiwa chokaa inayoshika ndani ya maji, ile inayochomwa kutoka mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake. Ukiikoroga, muda wako ni mfupi. Kibarua akija kuongeza maji baadaye ili ilainike tena, ameiua. Msimamizi kazi yake kubwa ni kuwakemea watu wa kuongeza maji.

Watu wa pwani wanajua chokaa ya matumbawe na jinsi inavyochomwa kwenye tanuri la magogo. Asili ni ile ile, ila hii ya kushika majini ni ukoo mwingine.

#11 – Msomaji wa Usiku

Tusogee. Karibu na 1847 alihamia Port Sarnia, mwisho wa magharibi wa jimbo, pamoja na ndugu zake. Hapo akawa mkandarasi. Jengo lake linalojulikana zaidi ni mahakama na jela ya Sandwich, ambayo leo iko ndani ya jiji la Windsor, Ontario. Ilijengwa 1855, bado imesimama, na inaitwa Mackenzie Hall.

Helen alifariki 1852. Katika watoto wao watatu, aliyepita uchanga ni Mary peke yake. Mwaka 1853 akamwoa Jane Sym.

Siasa aliingia kwa mlango wa nyuma, kama mpiga debe na katibu wa wanamageuzi wa eneo lake. Alikuwa mfuasi wa George Brown, mwenye gazeti la Globe la Toronto, na 1851 alimsaidia kushinda kiti. Mwaka uliofuata akashika uhariri wa Lambton Shield. Gazeti likafa 1854 baada ya kesi ya kashfa. Mwaka 1861 akaingia bungeni mwenyewe, na 1867 akawa mbunge katika Bunge la kwanza la shirikisho.

Novemba 1873 serikali ya John A. Macdonald ikaanguka. Ilijulikana kwamba Hugh Allan, tajiri aliyetaka mkataba wa reli ya Pasifiki, alikuwa ameifadhili kampeni ya chama tawala ya 1872. Mackenzie akaapishwa tarehe 7, na Januari 1874 akashinda uchaguzi kwa kishindo.

Sasa angalieni alichokifanya: akajipa mwenyewe Wizara ya Ujenzi, pamoja na uwaziri mkuu.

#12 – Bi Mizani

Na hapo ndipo alipojimaliza. Wizara ile ndiyo iliyokuwa na zabuni zote: reli, mifereji, bandari, majengo ya serikali. Kila mbunge ana mkandarasi wake, kila mkandarasi ana mjomba. Waziri Mkuu anatakiwa kuongoza baraza la mawaziri na kukutana na watu wa majimbo. Huyu alikuwa anakagua bei ya mawe na vipimo vya kuta.

Waomba kazi walimsumbua kiasi cha kujengewa ngazi ya faragha kwenye Jengo la Magharibi la Bunge pale Ottawa, ili atoke ofisini bila kupita sebuleni walikojazana.

#13 – Msomaji wa Usiku

Bi Mizani, sikatai, ila mweke kwenye wakati wake. Serikali iliyopita ilikuwa imeanguka kwa mkataba wa ujenzi. Mtu aliyewahi kudhulumiwa na mkandarasi, kisha mwenyewe akawa mkandarasi, angemwachia nani hiyo wizara? Alijua ujanja wote wa zabuni.

#14 – Bi Mizani

Kujua ujanja ni jambo moja, kuwa na saa za kutosha ni jingine. Hebu tuuseme huo ujanja, maana haujabadilika.

Zabuni ya kazi ya mawe hulipwa kwa ujazo uliopimwa. Mkandarasi anaweka bei ya chini kabisa kwenye vitu vinavyoonekana vingi, na bei ya juu kwenye vitu ambavyo mhandisi amekadiria vichache lakini yeye amekagua eneo akajua vitakuwa vingi, kwa mfano kuchimba mwamba badala ya udongo. Jumla yake inaonekana ndogo, anashinda. Kazi ikianza mwamba unatokea kila mahali, na bei yake ni ile ya juu aliyoiandika mwenyewe. Dawa yake ni upimaji mzuri kabla ya zabuni, na mtu wa kulinganisha bei ya kila kipengele, asiishie kwenye jumla. Mwashi anaweza kuliona hilo kwa dakika tano. Lakini kwenye nchi yenye upana ule, nyaraka ni maelfu.

Tena kutoa zabuni kwa wa chini kabisa kila mara, ili usionekane umependelea, kuna gharama yake. Wa chini akikimbia kazi katikati, unatangaza upya, bei inapanda, msimu wa kiangazi umepita.

#15 – Reli na Mataruma

Tufike kwenye reli basi, maana ndipo penye tani.

British Columbia, jimbo la pwani ya Pasifiki, iliingia shirikisho 1871 kwa ahadi ya reli itakayoanza ndani ya miaka 2 na kumalizika ndani ya 10. Kanada nzima ilikuwa na watu milioni 3.7 hivi kwa sensa ya 1871. Mackenzie aliiona ahadi ile ni wazimu, na msukosuko wa uchumi wa 1873 ukamthibitishia. Mpango wake ulikuwa wa fundi: jenga vipande, tumia maziwa na mito pale panapopitika, unganisha baadaye fedha zikipatikana. Fort William, kwenye Ziwa Superior, kazi ilizinduliwa 1 Juni 1875. Kipande cha Pembina, kinachoiunganisha Winnipeg na reli za Marekani, kilikamilika Desemba 1878, yeye keshatoka madarakani.

Kosa kubwa ni chuma. Serikali iliagiza tani 50,000 za reli za feleji mwaka 1874 na 1875. Kishawishi kinaeleweka: bei ilikuwa imeshuka, na feleji inadumu kuliko chuma cha kawaida. Ila bei ikaendelea kushuka baada ya yeye kununua.

Pigeni hesabu. Tukichukua reli ya ratili 56 kwa yadi, maili moja ina yadi 1,760, na reli ni mbili, basi yadi 3,520. Mara 56 ni ratili 197,120. Gawanya kwa 2,240, ratili za tani moja ya Kiingereza, unapata tani 88 kwa maili. Tani 50,000 ni maili 568 za njia moja. Hapo bado vipande vya kuungia, misumari na njia za kupishania. Hakuwa na maili 568 za tuta lililo tayari kupokea reli. Ukinunua reli kabla ya tuta, unalipa bei, riba, kuzishusha, kuzipanga, na zikikaa wazi kwenye unyevu zinaota kutu. Baadhi zilipelekwa Kisiwa cha Vancouver kwa ajili ya njia ya Esquimalt hadi Nanaimo. Mwaka 1875 Seneti ikaukataa muswada wa njia hiyo, na chuma kikabaki hakina pa kulazwa.

#16 – Wakili wa Kijiweni

Na umesahau kaka yake.

#17 – Reli na Mataruma

Sijasahau, nilikuwa nakuja. Charles Mackenzie alikuwa mbia katika Cooper, Fairman, kampuni ya biashara ya vyuma iliyohusika na manunuzi hayo. Wapinzani walilipigia kelele jambo hilo miaka yote. Pia kulikuwa na sakata la Hoteli ya Neebing huko Fort William: ardhi ya kituo cha mwisho cha reli ilinunuliwa pamoja na hoteli ambayo haijamalizika, kwa bei iliyowafanya watu washangae.

Mackenzie mwenyewe hakuna anayemtaja kama mtu aliyetajirika. Lakini kwa mtu aliyepata kura kwa kashfa ya mwenzake, ndugu kwenye mnyororo wa manunuzi ilikuwa zawadi kwa wapinzani. Angetakiwa kumtoa kabla ya tani ya kwanza.

#18 – Msomaji wa Usiku

Nakubali kwa Charles. Kwa reli, angekuwa amesubiri na bei ikapanda, mngesema alizembea.

#19 – Reli na Mataruma

Tungesema alinunua kwa awamu. Maili 100 kwanza, tani 8,800, halafu nyingine tuta likienda. Mwashi hanunui mawe ya ghorofa ya pili kabla msingi haujakauka.

#20 – Wakili wa Kijiweni

Tuweke na yaliyodumu. Uchaguzi wa 1874 ulikuwa bado wa kura ya wazi: unasimama, unataja jina la mgombea, na mwajiri wako anasikia. Sheria ya uchaguzi ya mwaka huo ikaleta kura ya siri, upigaji kura wa siku moja, na kufuta sharti la mgombea kuwa na mali. Zamani uchaguzi ulienda jimbo kwa jimbo, kwa hiyo serikali ilianza na majimbo ya ngome zake, ushindi ukawashawishi waliobaki. Sheria hiyo ikaziba mwanya huo. Uchaguzi mkuu wa kwanza kwa kura ya siri ulikuwa 17 Septemba 1878, na ukamwondoa yeye mwenyewe.

Mahakama ya Juu ya Kanada ilianzishwa 1875. Ofisi huru ya mkaguzi wa hesabu za serikali ilianzishwa kwa sheria ya 1878. Wasomaji wa Tanzania wanaijua kazi hiyo kwa jina la CAG: mtu asiye chini ya waziri, anayeuliza risiti. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sheria yenye alama ya vidole vya mkandarasi.

Lakini usafi wake wa hesabu haufuti Sheria ya Wahindi (yaani wenyeji asilia wa Kanada, si watu wa India) ya 1876. Ilikusanya sheria za zamani na kuzikaza, ikaipa serikali mamlaka ya kuamua nani ni Mhindi wa asili na nani si, na mwanamke aliyeolewa na mtu asiye na hadhi hiyo akaipoteza yake. Katika miaka hiyo hiyo ilisainiwa mikataba ya 4 hadi 7 ya kuchukua ardhi za nyanda za magharibi, 1874 hadi 1877, ambako reli ilitakiwa ipite. Anayesimulia habari za mwashi mwadilifu akaliacha hili, amesimulia nusu.

#21 – Bi Mizani

Hapo uko sawa. Na kilichomwondoa 1878 si reli peke yake. Uchumi ulikuwa taabani tangu 1873. Ushuru wa forodha alishaupandisha 1874 kutoka asilimia 15 hadi 17.5, akagoma kwenda juu zaidi kwa sababu aliamini biashara huria. Macdonald akaja na ushuru mkubwa wa kulinda viwanda, na wenye viwanda na vibarua wao wakamfuata.

#22 – Mpima Ardhi

Kuna anayejua majengo ya kwenda kuangalia, mbali na Mackenzie Hall?

#23 – Chokaa Mbichi

Kingston. Chuo cha Kifalme cha Kijeshi kilianzishwa kwa sheria ya serikali yake ya 1874, kikafunguliwa 1 Juni 1876 na wanafunzi 18. Kiko kwenye rasi ya Point Frederick, na ndani ya eneo la chuo umesimama mnara wa Martello wa Fort Frederick, mmoja wa ile minne aliyohusika nayo kama msimamizi. Mnara wa Murney uko upande mwingine wa mji na ni makumbusho. Ukifika, angalia unene wa ukuta: upande wa ziwa, mizinga inakotokea, ni mnene kuliko upande wa nchi kavu. Angalia pia mikanda laini iliyochongwa kwenye kingo za mawe na uso uliobaki na makovu ya tindo ya ncha. Mikanda ndiyo inayotakiwa ilale sawa na rula, uso wa katikati unaachwa kwa sababu kuusawazisha ni kupoteza siku.

#24 – Fundi Tindo

Na hiyo mikanda ndiyo mtihani wa mwanagenzi. Unachonga mkanda mmoja ukingoni, unaweka rula juu yake mpaka mwanga usipite chini. Unachonga wa pili ukingo wa mbele yake, unaweka rula ya pili. Unainama, unatazama kwa jicho moja juu ya rula zote mbili. Zikionekana zimelala pamoja, jiwe halijapinda. Moja ikiinua kichwa, unashusha upande huo. Ndipo unaunganisha mikanda hiyo kwa mingine miwili, unavunja katikati kwa ncha, na unatumia skwea kupata pande nyingine kutoka uso huo wa kwanza. Ukikosea uso wa kwanza, pande tano zote zinarithi kosa.

#25 – Mpima Ardhi

Na Ottawa?

#26 – Chokaa Mbichi

Jengo la Magharibi, ubawa wenye mnara unaoitwa kwa jina lake, ulijengwa 1875 hadi 1878 chini ya wizara yake. Kuta ni mawe ya mchanga ya Nepean, ya huko huko karibu na Ottawa, matao yana jiwe jekundu la Potsdam, na mapambo yamechongwa kwa jiwe laini la Ohio. Kama mnakumbuka maelezo ya Fundi Tindo kwamba jiwe la mchanga ni jepesi kuchonga, Nepean ndiyo inayovunja kanuni: gundi yake ni silika, ni gumu kupindukia, na vumbi lake kwa mchongaji wa ndani ya banda ni sumu ya mapafu. Ndiyo maana wakaliacha na uso wa kupasuliwa, wakaleta la Ohio kwa michoro midogo. Tangu Januari 2019 Bunge la Makabwela linakutana ndani ya ua wa jengo hilo, uliofunikwa paa la vioo, wakati Jengo la Katikati linakarabatiwa.

#27 – Wakili wa Kijiweni

Swali la mwisho kutoka kwangu: ni kweli alikataa cheo cha heshima cha Sir?

#28 – Msomaji wa Usiku

Ndiyo, mara tatu. Macdonald alikipokea, yeye hakukitaka. Uongozi wa chama aliuachia kwa Edward Blake 1880, akabaki mbunge mpaka alipofariki Toronto 17 Aprili 1892. Amezikwa Sarnia, kwenye makaburi ya Lakeview.